Kazi ya Kukaa Tu

Katika mtaa ule hapakuwa na mtu aliyejua kudharau kama Mama Mikate. Wapo wanaodharau kwa maneno mengi, wakachoka, wakasahau. Yeye alikuwa na msonyo mmoja mfupi, unaotoka pembeni mwa mdomo kama mtu anayetema kokwa, na ukishapigwa msonyo huo unarudi nao nyumbani, unakula nao, unalala nao. Aliwahi kumsonya fundi mwashi aliyemjengea tanuri likaegemea kushoto, na yule fundi akawa anapita njia ya nyuma mpaka alipohama. Aliwasonya wachumba wa binti zake, na mwishowe binti zake walichagua wanaume wa mbali.

Lakini fungu kubwa la dharau yake aliliweka kwa waendesha pikipiki.

“Ile nayo ni kazi?” alikuwa akiwauliza wateja wake dirishani, huku akifunga mikate kwa karatasi. “Mtu amekaa. Amekaa tu. Anasokota mkono mmoja kama anayefunga bomba la maji, halafu jioni anasema mgongo unamuuma. Mgongo gani? Wa kukalia?”

Aliyasema hayo akiwa na haki fulani ya kuyasema. Yeye aliamka watu wakiwa bado wanageukia upande wa pili kitandani. Alikanda unga kwa mikono yake, akaukata, akaupanga kwenye makopo, akayaingiza makopo tanurini na kuyatoa kwa koleo refu, na mikono yake hadi viwikoni ilikuwa na michirizi ya kuungua kama mistari ya daftari la shule. Mtu wa namna hiyo akimwona kijana amelala juu ya tangi la pikipiki chini ya kivuli cha duka, miguu juu ya usukani, hawezi kumwonea huruma.

Shida ni kwamba mmoja wa hao vijana alikuwa wa kwake. Pikipiki ilikuwa mali ya tanuri, yenye keria pana ya chuma iliyochomelewa nyuma ya kiti kubeba kreti za mikate, na aliyeiendesha alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe. Vijana wenzake walimwita Upepo. Mama Mikate alikubali kwamba jina lilimfaa, kwa sababu upepo nao ukiuangalia ndani hauna kitu.

Siku mambo yalipoanza, Upepo alikuwa amepeleka mikate kwenye bweni la wasichana juu ya kilima, na kreti moja ikarudi. Mpishi mkuu wa bweni aliikataa. Mama Mikate aliifungua kreti ile juu ya meza ya kukandia, akatoa mkate mmoja baada ya mwingine na kuipanga kwa mstari. Mikate ilikuwa imelala bapa kama ndala. Mmoja ulikuwa na alama ya kifungo cha mfuko wa suruali, imekaa vizuri kabisa, mpaka maandishi ya kifungo yalisomeka.

“Shemeji,” alisema Mama Mikate, “huyu aliyekalia mikate yangu ni nani?”

Dirishani palikuwa na wateja. Upepo aliwatazama, akacheka kidogo, kicheko cha kuomba msaada ambao haukuja.

“Kulikuwa na rafiki yangu anaumwa, shemeji. Nikampa lifti mpaka pale juu.”

“Anaumwa nini? Matako?”

Watu walicheka. Angeishia hapo, pengine yote yangepita kama yalivyopita mengine. Hakuishia hapo. Alimtolea uvivu mbele za watu. Alimwambia kwamba kaka yake alimpa kazi ambayo hata gunia la viazi lingeiweza, maana gunia nalo likiwekwa kwenye kiti linakaa. Alimwambia kwamba angalau gunia halina rafiki. Alimwambia kwamba kama kusokota mkono ni kazi, basi yeye afungaye na kufungua bomba uani kila asubuhi ni rubani.

Upepo alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa ufunguo mfukoni, akaupachika katikati ya donge la unga lililokuwa likiumuka mezani, ukasimama wima.

“Kazi ni rahisi, shemeji,” alisema. “Ifanye.”

Akatoka. Mama Mikate alimpigia msonyo mgongoni, lakini kwa mara ya kwanza watu hawakumtazama aliyesonywa. Walikuwa wanamtazama yeye.

Nyumbani alimkuta mumewe kwenye benchi la uani, mahali pake pa siku zote. Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa hakuwa ameshika usukani tangu presha ya macho ilipoanza kumla. Aliendesha malori ya mizigo ya masafa marefu maisha yake yote ya utu uzima, hadi siku moja alipomwuliza utingo wake kama yale mbele ni ng'ombe au ni daraja. Sasa aliona mwanga na giza, na pembeni kabisa mwa jicho la kulia aliona vitu kidogo, hivyo alikuwa na tabia ya kumgeuzia mtu sikio alipotaka kumtazama. Yeye na mkewe walikuwa wamezoea kuongea kwa kukwaruzana. Mgeni angedhani wanagombana. Wao waliona wanaongea.

“Mdogo wako ameacha kazi,” Mama Mikate alisema.

“Umemfukuza.”

“Ameacha. Kesho mikate nitaipeleka mwenyewe.”

Dereva alimgeuzia sikio, akamtazama. “Kwa miguu?”

“Kwa pikipiki.”

Alicheka mpaka akashika benchi. “Mama, wewe hata baiskeli hujawahi. Wewe kitanda chenyewe unapandia upande mmoja miaka yote kwa kuogopa upande wa pili.”

“Na wewe umeendesha malori ya watu mpaka macho yakakuishia, umebaki na nini? Kofia. Angalau mimi pikipiki ni yangu.”

Hilo lilikuwa kali kuliko alivyokusudia, na alijua mara tu lilipotoka. Dereva alipapasa chini ya benchi akitafuta viatu.

“Twende,” alisema. “Kabla jua halijashuka.”

“Twende wapi?”

“Uwanja wa ghala. Unataka kujifunzia barabarani, uue watoto wa watu?”

Walitoka hivyo: Mama Mikate akiisukuma pikipiki, kwa sababu hakujua kuiwasha na hakutaka kumwomba mtu, na mumewe akitembea nyuma ameshika keria, akiongozwa nayo. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Kila ilipoinama kidogo upande wake ilitaka kumlalia kama mlevi. Njiani watu waliuliza kama mafuta yameisha. Alimjibu wa kwanza. Waliofuata aliwaacha.

Nyuma ya ghala la pamba lililofungwa zamani kulikuwa na uwanja mpana wa udongo mgumu, palipokuwa pakigeuziwa malori. Upande mmoja ulikuwa na ukuta, upande mwingine na lango bovu lenye mawe mengi, na katikati mtu alikuwa amemwaga rundo la mchanga wa ujenzi akalisahau. Mlinzi wa ghala, mzee mwembamba mwenye rungu kubwa kuliko kazi yake, alitoa kiti chake nje ya kibanda alipowaona wanaingia, akakiweka mahali pa kuonea vizuri.

Mama Mikate alikuwa amevaa suruali ya mumewe chini ya gauni, na aproni ya kazi juu ya yote, maana alisahau kuivua. Kichwani alivaa kofia ngumu ya Upepo, iliyonuka mafuta ya nywele.

“Mama,” mlinzi aliuliza kwa heshima, “unaenda kupika au kupigana?”

“Naenda kufanya kazi. Neno hilo wewe hulijui.”

Dereva alimkalisha juu ya pikipiki injini ikiwa imezimwa. Alisimama kando yake, akashika mkono wake wa kushoto na kuuweka panapotakiwa.

“Hii ni klachi. Ukiibana, injini na gurudumu vinaachana. Ukiiachia, vinashikana. Usivishikanishe kwa fujo.”

“Najua kushikanisha vitu. Nakanda unga.”

“Unga haukimbii.”

Akamwonyesha gia kwa kumgonga mguu wa kushoto, breki ya nyuma kwa kumgonga mguu wa kulia, breki ya mbele kwenye mkono wa kulia, na papo hapo kwenye mkono huo huo, mafuta. Mama Mikate alisikiliza akiwa amebinua mdomo. Aliona anachezewa. Mikono miwili, miguu miwili, na kila kimoja kina kazi yake kwa wakati mmoja, na mpango huu ndio anaoufanya yule asiyeweza hata kufunga kamba za viatu vyake?

“Washa,” Dereva alisema.

Aliikanyaga kiki ya kuwashia kwa mguu wa kulia; ya kwanza ilimpiga ugokoni. Ya pili ilikohoa. Ya tatu injini iliwaka, na mtetemo ukampanda kutoka kwenye kiti hadi kwenye meno, akahisi amekalia mnyama aliyeamshwa vibaya.

“Bana klachi. Gia ya kwanza. Sasa achia pole pole. Pole pole, mama, kama unayeteremsha mtoto aliyelala.”

Aliiachia kama anayetupa kaa la moto. Pikipiki iliruka hatua moja, ikazimika, na kofia ngumu ikamshukia machoni. Kutoka upande wa kibanda kilisikika kicheko cha mlinzi, kavu, kinachokuja kwa mafungu.

Alijaribu tena, ikazimika. Akajaribu tena. Ilikuwa kama kubishana na mtu mjinga ambaye kila ukimwelewesha anarudi mwanzo. Jasho lilimtiririka ndani ya kofia ya Upepo, mkono wa kushoto ukaanza kukakamaa, na kila ilipozimika mumewe aliinamisha kichwa tu na kusema, “Umewahi,” au, “Umechelewa mafuta,” kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi. Alikuwa hamtazami hata kidogo. Alitazama ukutani, sikio likiwa kwake.

“Unajuaje nimewahi, na wewe huoni?”

“Nasikia. Injini inalia ukiikosea. Wewe tu ndiye huisikii, kwa sababu unaongea.”

Alinyamaza kwa hasira, na katika kunyamaza akasikia. Klachi ilipofika mahali fulani injini ilishusha sauti, ikanung'unika kama mtu anayeinuka na mzigo mabegani, na pikipiki ikaanza kutembea. Ilitembea kweli. Udongo ulianza kurudi nyuma chini ya miguu yake, ambayo alikuwa ameinyoosha pande zote mbili kama mbawa za bata.

Sasa hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyemwonya. Aliogopa, na mtu anayeogopa hufumba mkono. Mkono uliofumba ndio uliokuwa na mafuta. Pikipiki ilipokea woga wake kama amri, ikanguruma, ikakata uwanja moja kwa moja. Mama Mikate alikumbuka breki zote kwa pamoja na hakukumbuka hata moja ilipo. Aliona rundo la mchanga linakuja. Alipata hata nafasi ya kufikiri, kwa uwazi wa ajabu, kwamba mlinzi atacheka. Kisha gurudumu la mbele likazama, naye akala mwereka ubavuni, pikipiki ikimlalia mguu, injini ikipiga kelele hewani.

Alipoinua uso wenye mchanga, alimwona mumewe anakimbia.

Tangu waoane hakuwahi kumwona akikimbia. Dereva alizoea kusema kukimbia ni kwa watu wasio na gari. Sasa alikuwa anakuja kwa sauti ya injini, mikono mbele, magoti yakipanda juu kupita kiasi kama anayepita majini, asijue chini kuna nini. Alijikwaa kwenye tofali, akashika ardhi kwa mkono mmoja, akainuka bila kusimama. Alipofika alijitupa magotini, akapapasa tangi, akapata ufunguo, akazima.

Kimya kikarudi uwanjani.

“Upo?” alisema, akihema.

“Niwe wapi tena?”

“Mguu?”

“Uko hapa. Ondoa mkono wako huko, unaungua.”

Kweli, kiganja cha kushoto cha Dereva kilikuwa kimeegemea ekzosi na alikuwa hajausikia moto wake. Alikiondoa, akakipuliza. Mama Mikate alivuta mguu wake kutoka chini ya pikipiki, umechubuka lakini mzima, akakaa mchangani, akakishika kile kiganja na kukitazama. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba. Alitafuta neno zuri la kusema. Alilitafuta kwa dhati, na kilichokuja mdomoni ni kile kilichozoea njia.

“Mtu mzima unashika ekzosi.”

“Mtu mzima unapanda mchanga,” Dereva alisema. “Inuka.”

Mlinzi alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati. Mama Mikate alimgeukia, mchanga ukimdondoka nyusini. “Wewe umepewa rungu ulinde ghala tupu,” alimwambia, “na hata hilo ghala limechoka na wewe. Cheka, lakini cheka kwa kazi.” Mlinzi alicheka kwa nguvu zaidi, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki yake.

Waliinua pikipiki pamoja. Mkono wa breki ulikuwa umepinda kidogo, ukanyooshwa. Mama Mikate aliwasha, na safari hii injini iliponung'unika hakuiharakisha. Alizunguka uwanja gia ya kwanza, amekakamaa kama nguzo. Akazunguka tena. “Mguu juu, gia ya pili,” sauti ya mumewe ilimfikia, naye akafanya bila kufikiri: klachi, mguu, klachi.

Ikawa nyepesi. Ule mtikisiko wote ukatulia, kama unga unapofika mahali pake ukaacha kushika vidole. Upepo uliingia kwenye mikono ya gauni, ukapita mgongoni. Ukuta wa ghala, ambao kwa miguu ni safari, ulimjia na kumpita. Alijikuta anatabasamu ndani ya kofia ya shemeji yake, meno yote nje. Akajaribu kulifuta lile tabasamu, likakataa. Yeye, mtu mzima mwenye wajukuu. Alijiona mjinga, na akazunguka tena.

Aliposimama, pikipiki ilizimika kwa sababu alisahau klachi. Dereva alimfuata polepole, kiganja kilichoungua amekishika kifuani.

“Umekaa gia ya pili muda wote huo,” alisema.

“Nilikosa pa kugeuzia.”

“Uwanja mzima huu?”

“Una mawe.”

“Mawe yako upande wa lango.”

Mama Mikate alivua kofia ngumu, akajipangusa uso kwa aproni, muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji.

Kesho yake mikate ilibebwa na mtoto wa jirani kwa mkokoteni, na keshokutwa pia, na kila alasiri wale wawili walirudi uwanjani. Mlinzi alianza kuwaalika wenzake. Mwisho Mama Mikate aliona amechoka kuwa mchezo wa kuigiza wa watu wasio na kazi, akafunga kreti mbili kwenye keria kwa mpira, akatoka barabarani asubuhi kabla magari hayajawa mengi.

Kona ya duka la vipuri ndiyo iliyokuwa na kijiwe cha waendesha pikipiki. Walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kama kunguru ukutani. Walipomwona anakuja kwa mwendo wa jeneza, mgongo umenyooka, miguu bado imetanuka kidogo, walisimama wote.

“Mama Mikate, hapo umekaa tu au unafanya kazi?” mmoja aliuliza.

“Mama, bomba linavuja, funga,” mwingine akadakia.

Maneno yake yalikuwa yamesafiri kuliko mikate yake. Hakuweza kujibu, na si kwa kukosa jibu: kugeuza kichwa kulikuwa bado ni jambo kubwa, na pikipiki huenda kichwa kinapoenda. Alipita akiwa ameyabana meno, akiyameza matusi mazuri ambayo hakuyapata tena.

Kilima cha bweni kilimshika katikati. Lori la maji lilisimama mbele yake ghafla, akabana breki, injini ikazimika, na pikipiki ikaanza kurudi nyuma na mzigo wake. Alishika breki ya mbele kwa nguvu zote na kuikanyaga ya nyuma, ikasimama. Sasa alikuwa amenasa. Ili awashe alihitaji mguu wa kulia, na mguu wa kulia ndio uliokuwa breki. Akiuinua, mkono peke yake ungeubeba ule uzito wote? Hakuwa na uhakika. Lori likaondoka. Nyuma yake gari lilipiga honi, halafu jingine. Kreti zilivuta kuelekea chini kama zina hamu ya kurudi nyumbani.

Pikipiki moja ilipanda kando yake na kusimama kiulaini, mguu mmoja chini. Alikuwa Upepo. Nyuma yake kulikuwa na sanduku dogo jipya lililofungwa vizuri.

“Shemeji,” alisema.

Mama Mikate alitazama mbele.

“Umekwama, shemeji?”

“Napumzika.”

Upepo aliitikia kwa kichwa, kama anayeona ni pahali pazuri pa kupumzikia. Aliegemea tangi lake. Magari yalipiga honi. Alikuwa na muda wa siku nzima, ilivyoonekana, na hakuonekana na nia ya kuufupisha. Mama Mikate aliusikia mkono wake ukiisha nguvu, kidole kimoja kimoja. Alifikiria kuiacha tu ianguke, mikate, chuma na vyote, ili asiseme. Alilifikiria jambo hilo kwa makini.

“Si rahisi,” alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

“Sijasikia, kuna honi.”

“Nimesema kazi si rahisi. Lakini mikate yangu ilikaliwa na mtu.”

“Ilikaliwa,” Upepo alikubali. “Hapo nilikosa.”

Alishuka, akaweka kiatu chake nyuma ya gurudumu la Mama Mikate kama jiwe, akaegemeza bega kwenye kreti. “Niachie mimi uzito. Washa. Gia ya kwanza. Kanyaga ya nyuma tu, ya mbele iache. Achia klachi mpaka uisikie inanung'unika—”

“Najua inavyonung'unika,” alisema Mama Mikate, na akaondoka. Hakusema asante. Alipofika juu ndipo alipolikumbuka neno, na huwezi kugeuka kilimani kwa ajili ya neno.

Mpishi mkuu wa bweni aliikagua mikate, akatoa mmoja uliokuwa umebanwa pembe na mpira wa kufungia, akamwonyesha. Lile jicho Mama Mikate alilijua. Lilikuwa jicho lake mwenyewe, na kulipokea hakukuwa kutamu. Akauchukua mkate, akakubali kwamba ni wake.

Wakati wa kurudi alisimama kijiweni. Alisimama vizuri, klachi imebanwa, injini inanguruma.

“Kesho uje kazini,” alimwambia Upepo. “Na usilete marafiki.”

Upepo alikuna shingo. “Nimeshapata kazi, shemeji. Duka la dawa. Napeleka dawa za wagonjwa majumbani.”

“Wanakulipa zaidi?”

“Sawa tu na wewe.” Alisita. “Ila yule mwenye duka anaongea na mtu kama mtu.”

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilimwingia. Kama angelisema kwa ubaya angekuwa na pa kulishikia. Mama Mikate alitafuta msonyo wake mahali pake pa kawaida, pembeni mwa mdomo, ukatoka mlegevu, hata haukumfikia aliyekusudiwa.

“Pale mlimani lakini uliondoka vizuri,” Upepo aliongeza. Mpaka leo Mama Mikate hajui kama alikuwa anamsifu au anamcheka.

Kwa hiyo kazi ikabaki yake, na ndivyo ilivyo mpaka sasa. Hakuacha kudharau. Watu hawabadiliki kwa sababu ya kilima kimoja. Anawadharau madereva wa magari madogo wasiowasha taa za kukata kona, anaidharau manispaa na mashimo yake, na anawadharau waendesha pikipiki wanaokimbia kama wameiba, akiwa mmoja wao. Ila hakuna tena aliyemsikia akisema kwamba wamekaa tu.

Siku ile ya kwanza alipofika nyumbani na kreti tupu, Dereva alikuwa kwenye benchi lake, kiganja kimefungwa kitambaa. Alikuwa ameisikia pikipiki tangu kona ya mbali, na uso wake ulikuwa umekaa vile ulivyokuwa ukikaa zamani alipokuwa akisikiliza lori la mwenzake linapanda. Mama Mikate alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kwa kuwa mumewe hakuweza kujua kama anatazamwa. Kisha akazifungua zile kreti, akaziweka chini, akampachika kofia ngumu kichwani bila kumwomba ruhusa.

“Nini sasa?”

“Panda. Ukikaa hapo kama gunia unanichosha macho.”

Dereva alipapasa kiti, akavusha mguu, akakaa. Alimshika mkewe kiunoni kwa mkono mmoja, mwingine akauweka juu ya goti, kiganja kikitazama juu. Walitoka uani polepole, wakapita mbele ya dirisha la tanuri, wakapita duka la vipuri, ambako watu waliwanyooshea vidole. Kwenye njia panda pikipiki ilizimika katikati ya barabara, na dereva wa gari la taka alitoa kichwa dirishani na kuwaambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Mama Mikate alimrudishia, tena kwa nyongeza, maana sasa aliweza kugeuza kichwa. Akawasha tena.

Barabara ya chini ilikuwa wazi na imenyooka. Gia ya kwanza. Ya pili.

“Umechelewa kuibadilisha,” Dereva alisema sikioni mwake. “Ilikuwa inalia tangu kule nyuma. Halafu unashika usukani kama unakaba mwizi. Halafu unaendesha katikati ya njia, nasikia upepo wa magari pande zote. Mtu aliyekuachia hii pikipiki—”

“Basi shuka,” alisema Mama Mikate, na hakupunguza mwendo hata kidogo.